Makali Yameelekea Wapi: Kujifunza Jian Kando ya Ziwa Donghu

Nimekulia Muheza, na kama watoto wengi wa shule za msingi za serikali nilishika fyekeo mapema kuliko kalamu ya wino. Nyasi za uwanja wa shule zilikuwa jukumu letu wanafunzi, na nyumbani kulikuwa na panga la kuni na panga jingine la migombani ambalo baba hakutaka liguswe na mtu. Nilipofika Wuhan, mkoa wa Hubei, kwa masomo ya uzamili, niliona kikundi cha wazee wakifanya mazoezi ya jian, ule upanga mnyoofu wa Kichina, nikaomba kujiunga. Kuhusu jian sikujua lolote, ila niliamini kwamba kukata angalau nakujua.

Panga la shamba lina makali upande mmoja na uzito wake umewekwa mbele. Ukilinyanyua na kuliachia kutoka begani, linashuka kwa nguvu zake lenyewe na kazi inakwisha. Jian ni ule upanga ukatao kuwili tunaousikia kanisani, na uzito wake umerudishwa karibu na mkono. Ilaze juu ya kidole kimoja uone: itatulia sentimita kumi na kitu tu mbele ya kinga ya mkono. Ncha yake ni nyepesi, inageuka upesi, na haina msaada wowote wa kukupa ukiirusha kutoka begani. Ukifyeka nayo inapita hewani imelala bapa, na mwalimu anafumba macho.

Wachina wanayo silaha iliyo karibu zaidi na mazoea yangu. Inaitwa dao, ina makali upande mmoja na imepinda kidogo. Wazee wa pwani wangeiita kitara. Msemo wao ni kwamba dao ni siku mia, mkuki siku elfu, jian siku elfu kumi. Nikagawanya kwa 365, nikapata miaka 27 na ushei. Viza ya masomo haina nafasi hiyo.

Kikundi chetu hukutana kwenye kiwanja kidogo chenye miti ya kafuri, upande mmoja wa Ziwa Donghu. Kiangazi cha Wuhan kinajulikana China nzima; mji huu umehesabiwa kwa miaka mingi miongoni mwa yale wanayoyaita matanuri ya nchi. Kwa hiyo kuanzia Juni tunaanza alfajiri, na jua likishapanda juu ya miti kila mtu ameshakwenda kula kifungua kinywa, ambacho hapa karibu kila mara ni reganmian, tambi zilizochanganywa na rojo zito la ufuta. Kipupwe kina shida nyingine: baridi yenye unyevu, nyumba zisizo na joto la mabomba kama za kaskazini, na mpini wa upanga ambao lazima uupashe kwapani kwanza ndipo vidole vikubali kuushika. Wengi wa wenzangu ni wastaafu. Wanawake nawaita ayi na wanaume shushu, sawa na vile nyumbani ningesema mama mdogo na baba mdogo. Anayefundisha ni mama wa umri wa miaka sabini na kitu, mstaafu wa kiwanda cha chuma, na yeye hakuna anayemwita ayi. Ni Laoshi, mwalimu, hata kwa wale waliomzidi umri.

Laoshi alinipa upanga wa mbao. Makali ya upande mmoja alikuwa ameyapaka rangi nyekundu, upande wa pili akauacha na rangi ya mti. Kisha alikuwa amezungushia utepe mahali pawili, ukaugawa urefu wote wa upanga, kutoka kwenye kinga hadi nchani, sehemu tatu. Akanieleza kwa Kichina cha polepole, maana changu kilikuwa bado cha darasani. Theluthi iliyo karibu na mkono ni ya kupokea: katika jian halisi hapo ndipo chuma ni kinene, na makali hayanolewi sana, maana kazi yake ni kukutana na silaha ya mwenzako. Theluthi ya kati hutumika kusukuma kando na kukata kwa kuvuta. Theluthi ya mwisho, yenye ncha, ndiyo kali kweli, na karibu kila unachotaka kumfanyia mtu kinafanyika hapo. Ukimpiga mtu kwa theluthi ya kwanza, maana yake umemsogelea mno na yeye ameshakuchoma. Ukipokea pigo kwa theluthi ya mwisho, upanga wako unasukumwa nje bila ubishi, maana huna nguvu huko mbali.

Ile rangi nyekundu ndiyo iliyokuwa somo lenyewe, ingawa ilinichukua muda kuliona hilo. Ukinyoosha mkono mbele huku gumba likiwa juu, makali mamoja yanatazama chini, upande wa mafundo ya vidole; hayo yalikuwa mekundu. Mengine yanatazama juu, upande wa ile nafasi kati ya gumba na kidole cha shahada ambayo Wachina huiita mdomo wa simbamarara. Kila tulipofanya tendo lolote, Laoshi hakuniuliza kama nimechoka wala kama nimeelewa. Aliuliza: “Makali yapi?” Nami nilitakiwa kujibu bila kuangalia.

Tulianza na matendo mawili tu, dian na beng. Dian ni kudonoa kwa ncha kuelekea chini: kifundo cha mkono kinapanda, ncha inashuka ghafla na kusimama. Beng ni kinyume chake: kifundo kinazama, ncha inaruka juu na kusimama. Katika la kwanza yanafanya kazi makali mekundu, katika la pili yale yasiyo na rangi. Mkono wenyewe karibu hausogei, bega halisogei kabisa, na anayekutazama kutoka mbali anaweza kudhani umesimama tu unafikiri. Baada ya dakika chache misuli ya mkono, ile iliyo chini kidogo ya kiwiko, inawaka moto.

Hapo ndipo mshiko unapokuja. Mtu aliyezoea mpini wa jembe na wa panga hushika kwa ngumi nzima. Kwa Kichina mshiko huo unao jina, man ba, na una mahali pake, kwa mfano unapokutana na pigo zito. Lakini ukiufunga mkono kwa ngumi, kifundo kinafungwa pamoja nao, na dian haiwezekani. Utakachofanya ni kuteremsha mkono mzima, na huko ni kufyeka. Kuna mshiko mwingine, luo ba, ambao vidole vimejipanga kwa mshazari juu ya mpini, kila kimoja mbele kidogo ya mwenzake. Kuna qian ba, mshiko wa koleo, ambao gumba na kidole cha shahada ndivyo vinavyobana, na vidole vitatu vya nyuma vinafunguka na kufumba kadiri tendo linavyotaka. Wageni wengi wa jian, na hata baadhi ya waliokaa nayo muda mrefu, huchagua mshiko mmoja na kubaki nao. Nikiulizwa leo ni kitu gani kinamtenganisha anayeijua jian na anayeibeba tu, nitasema angalia vidole vitatu vya nyuma. Vikiwa vimekufa, hapo hakuna upanga.

Laoshi alikuwa na kipimo chake. Katikati ya zoezi alikuja kimyakimya, akashika ubapa wa upanga kwa vidole viwili na kuuvuta. Ukitoka mkononi, umeshika kwa ulegevu. Mwili wako ukivutika mbele pamoja nao, umeshika kwa ngumi. Alichotaka ni kwamba mkono uufuate upanga kidogo, kisha vidole vifumbe vyenyewe na kuuzuia. Alinifanyia hivyo nikiwa nakunywa maji pia, na nikiwa naongea na watu.

Kutoka hapo tukaingia ci, kuchoma. Nilitarajia hili liwe jepesi, na kwa macho ni jepesi: unanyoosha mkono. Ila jian haichomi kwa mkono. Kwenye tawi la mkafuri Laoshi alining'iniza pete ya chuma kwa uzi, nikatakiwa kupitisha ncha ndani yake bila kuigusa. Ukianza na mkono, ncha inatangulia na mwili unaichelewa, kwa hiyo mwili unapofika unaitingisha, na pete inaanza kucheza. Ukianza na mguu wa nyuma, ukaacha kiuno kigeuke, bega lifunguke, na mkono unyooke mwisho kabisa, ncha inakwenda moja kwa moja. Mkono na upanga vinatakiwa kuwa mstari mmoja kutoka begani hadi nchani. Kuna ci ya ubapa uliolala na ci ya ubapa uliosimama. Niliambiwa sababu ya ile ya kwanza ni kupita kati ya mbavu, nami sikuomba maelezo zaidi asubuhi ile.

Miguu nitaipitia haraka, kwa sababu aliyewahi kujifunza sanaa yoyote ya kupigana ya Kichina anaijua: gongbu yenye goti la mbele lililokunjwa, xubu yenye uzito wote nyuma, kusimama kwa mguu mmoja, na pubu, ile ya kuchuchumaa mguu mmoja umenyooshwa ubavuni, ambayo mashangazi wa miaka 65 waliifanya huku wakicheka na mimi nikijishika magoti. Hakuna njia ya mkato. Unakaa chini mpaka mapaja yakubali.

Mkono usio na upanga unastahili neno zaidi. Vidole vya shahada na cha kati vinanyooshwa pamoja, gumba linabana kucha za vile viwili vilivyobaki. Huitwa jianzhi, vidole vya upanga, na nimesikia maelezo mengi juu yake, mengine ya kuvutia kupita kiasi, ya nguvu zinazotoka kwenye ncha za vidole. Mimi nitasema nilichokihisi. Ukichoma kwa mkono wa kulia na wa kushoto ukaning'inia tu, bega la kulia linakimbia mbele, mgongo unajikunja, na huwezi kurudi. Mkono wa kushoto ukifunguka nyuma kwa wakati uleule, mabega yanabaki sawa na unaweza kugeuka upande wowote. Mara nyingine vidole hivyo vinakaa juu ya kifundo cha mkono wa kulia na kukituliza. Pia vinakuumbua: mtu akisahau makali yake yako wapi, jianzhi yake hufumuka kwanza. Laoshi akiwa amekaa kwenye benchi la mbali hutazama mkono wa kushoto tu, na anakosoa wa kulia.

Baada ya hapo yakaja pi, kupasua kutoka juu. Liao, kupandisha kutoka chini ubavuni. Gua, kuondoa silaha ya mwenzako kwa kuipitisha kando ya mwili wako. Mo na dai, ambazo ni kukata kwa kuteleza na kwa kuvuta. Pi nilidhani ndiyo nyumbani kwangu. Ndiyo iliyonitesa zaidi, kwa sababu bega lilikumbuka nyasi. Pi ya jian inashuka na kusimama. Mkono na upanga vinamaliza vikiwa mstari mmoja mbele yako, juu ya kiuno, ncha ikiwa bado inamtazama mtu. Kwa fyekeo unapita chini, unazunguka, na unarudi upande mwingine. Hakuna anayekungoja huko kwenye nyasi akuchome. Kwa liao shida ni nyingine: mkono usipogeuka kiasi cha kutosha wakati unapanda, upanga unapanda kwa bapa, na hapo huna ulichofanya zaidi ya kupunga upepo.

Watu wengi viwanjani hawaanzi hivi. Wanaanza na mfululizo, na mara nyingi ni ule wa taiji, sanaa ya Kichina ya mwendo wa polepole, wenye matendo 32, uliotungwa mwaka 1957 chini ya kamati ya taifa ya michezo kutokana na jian ya mtindo wa Yang, ukapangwa makundi manne ya matendo manane manane. Kipaza sauti kinawekwa chini, muziki unaanza, sauti ya mwanamke inataja jina la kila tendo, na watu arobaini wanakwenda pamoja. Inapendeza. Ina faida kwa mwili na kwa kampani, na siwezi kumcheka mtu anayeamka gizani kwa ajili yake. Ila nimesimama nyuma ya watu walioufanya kwa miaka mingi, nikatazama makali, na nikaona nusu yao wanakata kwa bapa. Muziki hauulizi makali yapi.

Mfululizo wenyewe hauna kosa. Aliyeupanga aliyaita matendo kwa majina makavu yanayokuambia la kufanya: miguu pamoja, donoa kwa jian, simama kwa mguu mmoja, choma kinyume, chuchumaa, fagia, vuta ubapa umelala kuelekea kulia, vuta ubapa umelala kuelekea kushoto. (Majina ya zamani ni matamu zaidi, ya pete tatu na mwezi, ya nyota na ndege, lakini mwanafunzi hapati kitu humo mpaka aonyeshwe.) Chukua hayo mawili ya kuvuta. Kwenda kulia, kiganja kinatazama chini. Kwenda kushoto, kiganja kinatazama juu. Nilipoufanya kwa upanga wa mbao nikagundua kwamba mara zote mbili mekundu ndiyo yanayotangulia. Kugeuza kiganja, ambako nilikuona kuwa pambo la dansi, ndiko kunakohamisha makali yaleyale kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Nilimwambia Laoshi kwa furaha. Akaniangalia, akasema, “Ndiyo,” akaenda kwa mtu mwingine.

Habari ya kununua upanga. Nilipokubaliwa kuwa na wa chuma, niliagiza mtandaoni kutoka Longquan, mji wa Zhejiang ambao umetengeneza panga tangu enzi na enzi, na ambao hadi leo jina lake limechongwa kwenye jian nyingi, zikiwemo ambazo sidhani zimewahi kupita huko. Kipimo cha urefu ni rahisi na ndicho kinachotumika hata kwenye kanuni za mashindano: shika jian kwa mkono wa kushoto, ubapa ukiwa nyuma ya mkono wako na ncha juu; ncha isiwe chini ya sehemu ya juu ya sikio. Kwa uzito, kanuni za mashindano zinataka isipungue kilo 0.5 kwa mwanamke na 0.6 kwa mwanamume. Zile nyembamba za maonyesho, zinazotetemeka na kulia ukizitikisa, zinapendwa na vijana kwa sababu sauti yake inafanya kila kitu kionekane kikali. Kwa kujifunza misingi mimi sizipendi. Ukichoma, ncha inayumba hata kama umefanya sawa, na hutajua kama aliyeyumba ni wewe au bati. Chukua iliyo ngumu zaidi, isiyonolewa, na uondoe kile kishada cha nyuzi mwishoni mwa mpini mpaka utakapokuwa hujikamati nacho mkononi.

Kuisafirisha ni hadithi nyingine. Kila kituo cha treni ya chini ya ardhi mizigo inapita kwenye mashine, na jian ya chuma haipiti hata iwe butu namna gani. Ndiyo maana wazee wengi wana ile ya kuchomoa, ambayo vipande vyake vinaingia kimoja ndani ya kingine mpaka inatosha kwenye mfuko wa sokoni pamoja na mboga. Laoshi haitaki machoni. Haina makali, haina uzito mahali pake, na katikati ya pi ya nguvu huweza kujifunga yenyewe. Mimi huenda kwa baiskeli, upanga ukiwa kwenye mfuko wa kitambaa mgongoni, na siku za mvua nachukua wa mbao.

Karibu na ziwa hilohilo liko Jumba la Makumbusho la Mkoa wa Hubei, na humo umo upanga ambao kila mtoto wa shule wa Kichina anaujua, wa Goujian, mfalme wa Yue, dola ya kale ya China. Ulipatikana mwaka 1965 kaburini huko Jiangling, ukiwa ndani ya ala yake, baada ya miaka zaidi ya 2,000, na ulikuwa bado mkali. Ni wa shaba nyeusi iliyochorwa mistari inayokatana na kufanya maumbo ya almasi kote, na maandishi manane ya kale yenye umbo la ndege na wadudu yanayosema ni wa mfalme mwenyewe. Urefu wake ni sentimita 55.7 tu, upana 4.6, na mpini wake sentimita 8.4. Watu walijipanga kupiga picha za maandishi. Mimi nilishikwa na umbo: ubapa haupungui upana kwa mstari mmoja, unapungua, unakaa, kisha unapungua tena kuelekea nchani, na mgongo umesimama katikati. Niliweza kuona zile theluthi za Laoshi bila utepe wowote. Mtu aliyeufua alijua ni wapi utapokea na ni wapi utauma, na alilijua hilo kabla chuma hakijaenea kwenye majeshi.

Watu wakisikia niko Hubei huuliza kuhusu milima ya Wudang, kwa sababu iko mkoa huohuo na majengo yake ya kale yamo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1994. Nilikwenda. Ngazi ni nyingi, mahekalu ni mazuri, na shule za kung fu ziko kila kona kwa wageni wenye wiki mbili na pesa. Jian niliyoisoma nimeisoma kwenye kiwanja chenye mapipa ya taka ya rangi nne.

Ila jina la Wudang linakuja kwa njia nyingine, kwenye mazoezi ya wawili. Njia tunazotumia ni zile 13 zinazohusishwa na upanga wa Wudang: chou, dai, ti, ge, ji, ci, dian, beng, jiao, ya, pi, jie, xi. Zilivuma hasa kupitia jenerali Li Jinglin, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa Taasisi Kuu ya Sanaa za Kupigana iliyofunguliwa Nanjing mwaka 1928. Ninachokijua kwa mwili wangu ni shabaha ya njia hizo: kifundo cha mkono. Huendi kumtafuta mtu kifuani. Mkono wake wenye upanga ndio ulio karibu nawe kuliko sehemu nyingine yoyote, na ukiugusa kwa ncha, mapigano yamekwisha bila wewe kuingia ndani ya hatari. Tunatumia panga za mbao, glavu nene na kofia zenye wavu, na anayeguswa kifundo anarudi mwanzo.

Mwenzangu wa kawaida ni shushu mmoja aliyekuwa dereva wa basi. Ni mfupi kuliko mimi, hana haraka, na hajawahi kupiga kwa nguvu. Siku za kwanza niliogopa, nikakaa mbali. Fimbo ya mbali haiui nyoka, naye alikuwa amesimama tu pale akingoja nichoke. Nikisogea, ananidonoa. Nikiinua mkono kwa ajili ya pi, ananidonoa mkono ukiwa njiani kupanda, kwa sababu kila anayeinua upanga kutoka begani anamwonyesha mwenzake kifundo. Nikizuia kwa kugonga, upanga wake haupo tena pale nilipougonga. Hapo niliielewa theluthi ya kwanza. Kupokea kwa jian hakufanani na kugongana vyuma. Unaukuta upanga wa mwenzako karibu na mkono wako, ubapa umegeuka kidogo ili uteleze, mguu umeshatoka kwenye mstari, na ncha yako haijaacha kumtazama. Kuna mjadala mrefu miongoni mwa wapenzi wa panga kama pigo lipokewe kwa makali au kwa bapa. Shushu hajausikia. Akipokea, sisikii mlio wowote. Nasikia upanga wangu ukiendelea mahali nisipoukusudia.

Na wakati huo wote Laoshi hajaacha swali lake. Tumeshavaa kofia, jasho linaingia machoni, shushu ananizunguka, naye kutoka benchini anauliza makali yapi. Kujibu kwa mdomo hakuwezekani tena. Akiona mkono umegeuka vizuri ananyamaza. Akiona bapa anagonga benchi kwa funguo zake.

Miezi hii tuko kwenye jiao, kukoroga: panga mbili zimegusana karibu na ncha, na kila mmoja anajaribu kuuzungusha wa mwenzake kwa duara ili kifundo chake kijitokeze. Duara la shushu halizidi upana wa kikombe cha chai, na linatoka kiunoni. Langu ni pana, na kila likifika chini mkono wangu unabaki wazi. Laoshi ametupa kazi ya kufanya jiao tukiwa tumesimama karibu na ukuta, ubavu wa kulia sentimita chache kutoka kwenye matofali, ili duara lisipate pa kukua. Glavu yangu imeanza kuchanika upande wa nje, na ayi mmoja ameahidi kunishonea kiraka cha ngozi kabla ya Jumamosi.